Huduma za Kila Siku Mabwenini: Kwa Nini Maji, Umeme na Chandarua ni Jambo Moja kwa Mwanafunzi wa Ifakara

Ifikapo Oktoba na Novemba kila mwaka, mji wa Ifakara hupokea wageni wanaotambulika kwa mizigo yao. Hushuka kwenye mabasi yatokayo Morogoro na Dar es Salaam, wengine kwenye treni ya TAZARA, kila mmoja akiwa na sanduku, godoro lililoviringishwa, ndoo mpya na bahasha ya vyeti. Ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo vya afya. Jioni ya siku hiyo simu hulia, na mzazi aliyeko Makambako, Moshi au Babati huuliza: "Umepata chumba, mwanangu?" Akijibiwa kwamba kimepatikana, moyo wake hutulia.

Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Chumba ni kuta na kitanda. Kinachomweka mwanafunzi katika siha na nguvu za kusoma ni huduma zinazokizunguka: maji, umeme, choo, jiko, wavu wa dirishani, chandarua, mahali pa kusomea na mahali pa kutibiwa. Kwingineko huduma hizo huhesabiwa kuwa raha. Katika Bonde la Kilombero ni kinga. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi zilivyofungamana kama ukili wa mkeka, hata mmoja ukikatika mingine hulegea. Yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, wazazi, walezi wa mabweni, na wenye nyumba wanaopangisha vyumba kwa wanafunzi mitaani.

Mji wa vyuo katikati ya maji

Ifakara iko takriban mita 270 juu ya usawa wa bahari, katika tambarare pana yenye Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mito ishukayo milimani huungana na Mto Kilombero, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, sehemu kubwa ya tambarare hiyo hujaa maji. Mwaka 2002 ardhi oevu ya bonde iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Maji hayo ndiyo yaoteshayo mpunga unaolipa bonde hili sifa nchini kote. Ndiyo pia yanayolea mbu.

Si ajabu, basi, kwamba utafiti wa tiba ulitia mizizi hapa mapema. Mwanazuolojia wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ya utafiti iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kando ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mafunzo ya watumishi wa afya yaliendelea kupanuka, na mwaka 2010 kikaanzishwa chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Hivyo mji uliojulikana ulimwenguni kwa kuchunguza malaria sasa unalaza mamia ya vijana kutoka pembe zote za nchi. Wengi wao hawajawahi kuishi mahali penye mbu wa namna hii.

Mgeni asiye na akiba ya kinga

Mtu aliyezaliwa na kukulia mahali penye malaria nyingi hujijengea kinga kidogo kidogo kutokana na maambukizi ya mara kwa mara. Kinga hiyo haizuii vimelea kuingia mwilini, ila hupunguza ukali wa ugonjwa. Kijana atokaye Njombe, Kilimanjaro, Arusha au Manyara hana akiba hiyo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta kwamba katika mikoa hiyo watoto wenye vimelea, miongoni mwa waliopimwa wakiwa chini ya umri wa miaka mitano, hawakufika asilimia 1. Kwa hiyo mtu mzima wa miaka 20 atokaye huko huipokea malaria ya Ifakara karibu kama mwili wa mtoto unavyoipokea. Hata mzaliwa wa Ifakara aliyesoma miaka mingi katika mikoa ya baridi asijivune, maana kinga hufifia mtu asipoambukizwa tena.

Tangu mbu amuume mtu hadi homa ianze, malaria isababishwayo na kimelea cha Plasmodium falciparum huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14. Hesabu hiyo ina maana mbili kwa mwanafunzi. Kwanza, mgeni aliyelala bila chandarua juma la kwanza huugua juma la pili au la tatu, wakati vipindi vimeshamiri. Pili, anayefunga safari ya likizo anaweza kubeba vimelea asivyovijua. Homa humwanzia nyumbani, mahali ambapo mhudumu wa zahanati hawazi malaria upesi. Maneno mawili, "Nimetoka Ifakara," yanaweza kuokoa maisha yake, naye ayaseme kabla hajaulizwa.

Kitanda, chandarua na feni

Kati ya mwaka 1997 na 2000, Wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa uwanja wa mradi mkubwa wa vyandarua vyenye dawa, vilivyouzwa kwa jina la "Zuia Mbu". Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliandamana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Ushahidi huo ulichangia kuzaliwa kwa mpango wa kitaifa wa Hati Punguzo uliofuata mwaka 2004. Mwanafunzi anayetundika chandarua mjini Ifakara, basi, anatumia kinga ambayo thamani yake ilipimwa na kuthibitishwa na wenyeji wa bonde hili hili.

Hata hivyo, kugawa chandarua ni jambo moja na kukitundika ni jambo jingine. Vitanda vingi vya mabweni ni vya ghorofa, ambavyo wanafunzi huviita deka. Aliye juu huhitaji kulabu darini. Aliye chini huhitaji fremu au kamba kwenye nguzo za kitanda. Bweni lisilo na kulabu hupokea vyandarua vikaishia ndani ya masanduku. Ni gharama ndogo kwa fundi kuzifunga kulabu zote kabla chuo hakijafunguliwa. Chandarua chenyewe kifuliwe taratibu kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kikaushwe kivulini kwa sababu jua kali huidhoofisha dawa, na kisifuliwe kila juma: vyandarua vya muda mrefu hutengenezwa vistahimili mafuo yapatayo 20 katika maisha yake ya miaka mitatu hivi.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Chandarua hupunguza mwendo wa hewa, na usiku wa Ifakara, hasa kabla mvua hazijanyesha, una joto zito. Feni ikizunguka, mtu huvumilia. Umeme ukikatika saa 5 usiku, feni husimama, jasho humwagika, na mkono wenyewe hukipandisha chandarua bila hata akili kuulizwa. Mwingine hubeba godoro akalale barazani. Kumbe katizo la umeme, ambalo sote hulichukulia kuwa kero ya taa na simu, ni saa ya mbu pia.

Dawa yake si jenereta peke yake. Madirisha mawili yanayotazamana hupitisha upepo hata feni ikiwa imezimika, mradi yawe na wavu usiotoboka. Uwazi kati ya ukuta na paa, ambao ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria, uzibwe kwa wavu badala ya matofali, ili hewa ipite na mbu abaki nje. Idadi ya wanaolala katika chumba nayo izingatiwe: chumba cha watu wanne wanapolala wanane, joto huongezeka, vitanda hubanana, na vyandarua hukosa nafasi ya kushuka hadi kuchomekwa chini ya godoro.

Saa kati ya magharibi na usingizi

Watafiti wa bonde hili wameonyesha kwamba mbu wa malaria si wa tabia moja. Anopheles funestus, ingawa si wengi kwa idadi, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya maambukizi, nao hupenda kuuma ndani ya nyumba usiku wa manane. Dhidi yao chandarua ni ngao hasa. Anopheles arabiensis huweza kuuma mapema, tena nje ya nyumba. Dhidi ya huyu, chandarua kilichotandazwa juu ya kitanda kitupu hakifai kitu.

Tutazame sasa ratiba ya mwanafunzi kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku. Yuko kwa mama lishe akisubiri chakula. Yuko chini ya mwembe na kikundi chake cha majadiliano wakipitia anatomia. Yuko pembeni mwa uzio akizungumza na simu. Kwa muda wa saa tatu miguu yake iko wazi. Kwa sababu hiyo chumba cha kusomea chenye taa, feni na wavu madirishani ni huduma ya kuzuia malaria sawasawa na ilivyo huduma ya taaluma. Chuo kinapopanga bajeti, maktaba inayofungwa saa 12 jioni isihesabiwe kuwa imeokoa fedha, kwa maana wasomaji wake hawakwenda kulala; wamehamia nje. Pale ambapo chumba hicho hakijapatikana, mwanafunzi avae suruali au vazi refu, soksi na viatu vya kufunika, na apake dawa ya kufukuza mbu.

Ndoo ya maji na mbu wa mchana

Bomba likitoa maji saa zote, hakuna anayehifadhi maji chumbani. Bomba likitoa kwa zamu, kila mwanafunzi huweka ndoo mbili na dumu moja chini ya kitanda, na bweni hupanga mapipa uani. Mapipa hayo yasipofunikwa hulea mbu wa aina nyingine, Aedes, anayeeneza homa ya dengi. Mbu huyu huuma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na wanafunzi husafiri kati ya jiji hilo na Ifakara kila likizo.

Yai la Aedes huchukua siku 7 hadi 10 hivi kuwa mbu kamili penye joto kama la hapa. Ndiyo maana kanuni ni ya kila juma: pipa limwagwe, na kuta zake za ndani zisuguliwe kwa brashi, kwa kuwa mayai hugandamana na ukuta na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja maji. Kumwaga bila kusugua ni kazi nusu. Tangi kubwa la uani liwe na mfuniko unaobana na wavu kwenye mdomo wa bomba la kufurikia.

Maji ya kunywa yana sharti lake. Yachemshwe hadi yatokote kwa dakika 1, au yatiwe dawa ya klorini kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kungojewa nusu saa. Yakishatibiwa yawekwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au bomba. Ndoo ya wazi inayochotwa kwa kikombe cha kila mgeni huchafuka upya siku hiyo hiyo, hata kama maji yalichemshwa vema asubuhi.

Choo, karo na mafuriko

Mbu wa tatu ni Kuleksi, yule mwenye kelele sikioni. Huzaliana katika maji machafu: karo lililopasuka mfuniko, mtaro ulioziba nyuma ya bafu, shimo la choo lililojaa maji. Ndiye mmoja wa waenezaji wa matende na ngirimaji. Madhara yake mengine hayaandikwi sana vitabuni: kelele zake huwafanya watu wapulize dawa chumbani bila kujua mbu wanatoka wapi, na kesho yake wamerudi. Mfuniko wa zege na wavu juu ya bomba la kupumulia la karo hufanya kazi ambayo makopo kumi ya dawa hayaifanyi.

Wakati wa masika hatari hubadilika sura. Maji ya Mto Lumemo yakipanda na maji ya ardhini yakikaribia uso wa nchi, mashimo ya vyoo hufurika na kuchanganyika na visima vifupi. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hupitia njia hiyo. Kisima kisiwe karibu na choo kwa chini ya mita 30, na kijengewe ukuta ulioinuka juu ya ardhi. Mwanafunzi anayepanga chumba mtaani afike kukiona kabla ya kulipa kodi, aulize maji yalifika wapi masika iliyopita, na atazame alama ya tope ukutani. Alama hiyo haifichiki.

Wali wa jana na jiko la leo

Katika nchi ya mpunga, chakula cha mwanafunzi ni wali. Fedha ya kujikimu itokayo Bodi ya Mikopo, ambayo wenyewe huiita bumu, ikianza kupungua, sufuria moja hupikwa jioni ili kiporo kiwe kifungua kinywa. Desturi hii ni ya zamani, lakini ina hatari yake. Mbegu za bakteria Bacillus cereus huvumilia moto wa kupikia. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha katika joto la Ifakara, bakteria huamka, huongezeka na kutoa sumu ambayo haiharibiwi kwa kupasha moto. Kutapika huanza ndani ya saa chache baada ya kula. Basi wali ulioliwa nusu upozwe upesi na kuwekwa kwenye jokofu. Pasipo na jokofu, upikwe wa kutosha mlo mmoja. Jokofu moja la pamoja, lenye daftari na msimamizi, ni huduma ya bei ndogo kuliko siku tatu za darasa zilizopotea.

Pasipokuwa na jiko la pamoja, wanafunzi hupika vyumbani. Mvua ikinyesha, jiko la mkaa lililokuwa barazani huingizwa ndani na mlango kufungwa. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asioamka. Hita ya kuchemshia maji iliyochomekwa kwenye ekstensheni pamoja na jiko la umeme nayo huunguza nyaya. Tangazo la "Ni marufuku kupika chumbani" halitoshi palipo na njaa. Marufuku hiyo hupata nguvu pale tu bweni linapokuwa na banda la kupikia lenye paa, hewa na maji.

Homa inapoanza

Mwanafunzi wa tiba ana udhaifu wake: hujitibu. Husikia mwili unauma, hununua dawa kwenye duka la jirani, hunywa vidonge viwili na kuweka vilivyobaki kwa safari nyingine. Homa ya Ifakara haina jina hadi ipimwe. Yaweza kuwa malaria, dengi, homa ya matumbo au maambukizi ya njia ya mkojo. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa dakika zisizozidi 20. Kikionyesha hakuna malaria, dawa za malaria zisinywewe. Na kwa kuwa huenda ikawa dengi, homa ishushwe kwa parasetamoli, aspirini na ibuprofeni ziepukwe, na mgonjwa arudi kituoni kuchunguzwa zaidi. Ifahamike pia kwamba kipimo hicho huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa baada ya mtu kupona, hivyo kurudia kujipima kila siku hakusaidii.

Kikithibitisha malaria isiyo kali, dawa mseto ya ALu hunywewa dozi 6 kwa siku 3: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha mara mbili kwa siku katika siku ya pili na ya tatu. Dawa hii hufyonzwa vizuri ikiambatana na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Hapa uhusiano wa huduma unaonekana wazi. Mgonjwa aliye peke yake chumbani, asiye na hela ya chakula wala mtu wa kumletea uji, huinywa dawa akiwa na njaa, na dawa nzuri hupungukiwa nguvu. Kila chumba kiwe na makubaliano: mmoja akiugua, mwingine humfikisha kituoni, humletea chakula, na kumtazama usiku. Kuchanganyikiwa, degedege, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida au mkojo mweusi ni dalili za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Kadi ya bima ya afya ihuishwe mwanzoni mwa mwaka, kabla haijahitajika.

Kila mmoja na sehemu yake

Uongozi wa chuo ukague mabweni mara mbili kwa mwaka, kabla ya chuo kufunguliwa na kabla ya masika, ukihesabu kulabu, nyavu, mifuniko na mabomba kama unavyohesabu vitanda. Mlezi wa bweni na viongozi wa wanafunzi wateue siku moja ya juma ya kusugua mapipa na kuzibua mitaro. Mwenye nyumba wa mtaani ajue kwamba wavu wa dirishani na mfuniko wa karo ni sehemu ya chumba anachokipangisha. Mwanafunzi naye aripoti kilichoharibika siku ile ile, kwa maandishi.

Mzazi aliyeko mbali anayo sehemu pia, nayo huanzia katika simu ile ya jioni ya kwanza. Baada ya kuuliza habari ya chumba, aendelee: Chandarua kimetundikwa? Dirisha lina wavu? Maji yanatoka saa ngapi, na ya kunywa unayatibu vipi? Usiku unasomea wapi? Unapika wapi? Ukiugua, nani atajua? Maswali hayo hayazidi dakika tano za maongezi. Kijana anayeweza kuyajibu yote amepata mahali pa kuishi. Na miaka michache baadaye, akiwa zahanati ya kijijini au wodi ya wilaya, atajua kuwauliza wagonjwa wake maswali hayo hayo.